Kijito cha mlimani hakipimwi mara moja: mwongozo kamili wa kufuatilia ubora wa maji, kwa mfano wa Uluguru

Mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, Mto Morogoro hupita mjini ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwezi Agosti, mahali palepale, unaweza kuhesabu kokoto chini ya maji. Mtu akikuuliza kama mto huo ni safi au mchafu, huna budi kumuuliza kwanza: sehemu gani, saa ngapi, na mvua ilinyesha lini?

Nimeandika mwongozo huu kwa wanaotaka kulijibu swali hilo kwa daftari badala ya kukisia: jumuiya za watumia maji, walimu wa sayansi ambao shule zao ziko karibu na mto, vikundi vya mazingira, wanafunzi wa vyuo. Mfano wangu ni Uluguru kwa sababu ndiko nilikozoea kupanda na ndoo, ila utaratibu ni uleule Usambara, Udzungwa, Kilimanjaro au Rwenzori.

Milima ya Uluguru ndiyo inayoulisha mto Ruvu. Upande wa mashariki, unaopokea mvua za Bahari ya Hindi, hushuka Mfizigo na Mvuha. Magharibi kuna Mgeta yenye mashamba yake ya mboga. Kaskazini Mto Morogoro huporomoka kutoka msituni, hupita katikati ya mji, kisha huingia Ngerengere, mto uleule uliozuiwa juu kidogo kufanya Bwawa la Mindu wanalolitegemea watu wa Morogoro. Yote huishia Ruvu. Huko chini, mtambo wa Ruvu Juu una uwezo wa kusafisha lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini lita milioni 270, na sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa Dar es Salaam. Kwa hiyo udongo unaotifuliwa kwenye mteremko wa Kibungo ni jambo la mtu anayefungua bomba Kimara.

Kuna historia ambayo kila mpimaji anayepanda huko anapaswa kuijua. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu waligoma, ghasia zikazuka, na mpango ukavunjika. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, lakini waliokuja kulisema hilo walikuja na amri. Ndiyo maana nasisitiza tangu mwanzo kwamba vipimo viwe vya wakazi wenyewe, na daftari likae kijijini. Mgeni akipima, akaondoka na takwimu zake, kesho hakuna atakayemwonyesha njia ya kijitoni.

Kabla ya kulowesha mguu

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, kisha mzee mmoja au wawili wanaokijua kijito. Waulize maji yalikuwaje zamani, wapi yanakauka Septemba na wapi hayakauki, wapi kina mama wanachota na wapi wanafulia, wapi kuna mahali pa matambiko pasipoingiwa ovyo. Ukiwasikiliza vizuri utatoka na ramani ambayo huwezi kuipata kwenye simu.

Kama unataka sehemu ya kupimia ndani ya msitu, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Omba kibali. Toa taarifa pia kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake hapohapo Morogoro. Bodi ina vituo vyake vya kupima mito, na takwimu zako zikifuata utaratibu mzuri zinaweza kuziba mapengo yao.

Halafu jiulize swali moja tu la kuanzia. Ukisema unataka kujua kila kitu kuhusu mto, utarudi na daftari lisilosema lolote. Swali liwe la aina hii: je, maji yanaharibika kati ya ukingo wa msitu na darajani, na kama yanaharibika, ni udongo, ni kinyesi, au ni mbolea na dawa? Vingine vyote vinachaguliwa kwa kulitazama swali hilo: vifaa, siku, hata idadi ya sampuli.

Kuchagua sehemu za kupimia

Sehemu nne au tano zinatosha. Ya kwanza, na ndiyo ya maana kuliko zote, ni ile iliyo juu ya shamba la mwisho na nyumba ya mwisho, ukingoni mwa msitu. Hiyo ndiyo mizani yako. Bila hiyo huwezi kumwambia mtu kwamba maji ya chini yameharibika, maana hujui yalikuwaje kabla hayajaguswa. Nimeona kazi ya miezi mingi ikipoteza nguvu kwa sababu wapimaji walichoka kupanda na kuanza kupimia katikati ya mashamba.

Ya pili iwe chini ya mashamba, ya tatu pale mto unapoingia kwenye makazi, ya nne baada ya mji, na ya tano, ukiweza, kabla ya mto kuungana na mto mwingine. Vijito viwili vinapokutana, usipime pale pale. Maji ya rangi mbili huweza kutembea bega kwa bega mita nyingi kabla hayajachanganyika. Shuka mpaka uone mto umekuwa rangi moja, au pima kila kijito peke yake juu ya makutano.

Chagua mahali ambapo maji yanatembea, si kidimbwi kilichotulia pembeni, na ambapo utafika hata masika. Piga picha ukiwa umesimama mahali utakaposimama kila mara, chukua alama za GPS kwa simu, andika na mwinuko. Funga utepe au weka alama ya rangi kwenye jiwe kubwa lisilosogea. Baada ya miezi sita, wakati mtu mwingine anapima kwa zamu, alama hiyo ndiyo itakayomzuia kupima mita hamsini chini yako, penye bomba la maji machafu ambalo wewe hukuwahi kuliona.

Saa, siku na mvua

Mto wa mlimani hubadilika kwa saa. Asubuhi maji ni baridi na oksijeni yake ni ya chini kidogo kwa sababu usiku kucha mimea ya majini imekuwa ikiitumia bila kutengeneza nyingine. Alasiri, penye miamba yenye mwani na jua, oksijeni hupanda. Ukipima leo saa mbili asubuhi na mwezi ujao saa tisa alasiri, tofauti utakayoiona ni ya jua, wala si ya uchafu. Sisi tulikosea hivyo msimu wa kwanza, na ilitubidi tuziweke kando takwimu za oksijeni za miezi miwili. Tangu hapo kila sehemu ina saa yake, na saa hiyo haibadiliki.

Pima mara moja kwa mwezi kama huna nguvu ya zaidi, mara mbili kama unayo. Lakini tenga nguvu kwa ajili ya mvua. Sehemu kubwa ya udongo unaoshuka kwa mwaka hushuka katika siku chache za mvua kubwa, na ratiba ya kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi inaweza kuzikosa zote. Mvua za kwanza za vuli, Oktoba au Novemba, ndizo zinazobeba yaliyorundikana kiangazi kizima: majivu ya mashamba yaliyochomwa, kinyesi cha mifugo, mafuta ya barabarani. Panga mtu anayeishi karibu na mto achukue sampuli maji yanapoanza kupanda, yanapofika juu kabisa, na yanapoanza kushuka. Chupa tatu za siku moja ya mvua zinaweza kukufundisha kuliko chupa kumi za kiangazi. Achukue akiwa ukingoni au juu ya daraja, kwa ndoo na kamba. Haingii majini.

Hapo niseme juu ya usalama, na nalisema kwa uzito. Mvua inaweza kuwa inanyesha juu kwenye kilele cha Lupanga huku mjini jua linawaka, na mto ukashuka kwa ghafla. Ukiona maji yamebadilika rangi, majani na vijiti vimeanza kuelea kwa wingi, au mlio wa mto umekuwa mzito, toka; vifaa utavitafuta baadaye. Usipime peke yako. Huku chini, penye maji ya polepole yenye konokono, kuna kichocho. Vaa gambuti, na glavu ndefu ukiwa na uwezo.

Wingi wa maji kwanza

Wengi huruka hatua hii kwa sababu haina kifaa cha kuvutia. Usiiruke. Bila kujua maji ni kiasi gani, namba za kemikali zinaweza kukudanganya kabisa.

Unahitaji futi ya fundi, kamba, kijiti kilichochorwa sentimita, saa ya simu, na chungwa. Ndiyo, chungwa: huelea likiwa karibu lote ndani ya maji, halipeperushwi na upepo kama kipande cha boya, na likipotea samaki hawadhuriki. Tafuta kipande kilichonyooka chenye urefu wa mita 10. Pima upana wa maji, kisha pima kina kila baada ya nusu mita kutoka ukingo hadi ukingo, utafute wastani. Achia chungwa juu kidogo ya mwanzo, hesabu sekunde kutoka alama ya kwanza hadi ya pili, rudia mara tano.

Tuseme upana ni mita 4 na kina cha wastani ni mita 0.3. Eneo la maji ni mita za mraba 1.2. Chungwa limetumia sekunde 20 kwa mita 10, yaani mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayogusa mawe, kwa hiyo zidisha kwa 0.8 ili upate 0.4. Eneo mara mwendo ni mita za ujazo 0.48 kwa sekunde, au lita 480 kila sekunde.

Sasa ona faida yake. Siku hiyo umepata nitreti miligramu 2 kwa lita. Lita 480 mara 2 ni miligramu 960 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku, unapata karibu kilo 83 za nitreti kwa siku. Baada ya mvua, maji yamekuwa lita 2,400 kwa sekunde na nitreti imeshuka hadi miligramu 1. Mtu anayetazama namba hiyo peke yake atasema mto umepona. Lakini mzigo umekuwa kilo 207 kwa siku, mara mbili na nusu ya mwanzo. Mashamba yamepoteza mbolea nyingi zaidi. Maji mengi yameificha tu.

Kwenye nguzo ya daraja chora rula kwa rangi ya mafuta, sentimita kwa sentimita. Ukishapima wingi wa maji mara kumi au zaidi katika vina mbalimbali, unachora mchoro unaoonyesha kina kipi kina lita ngapi, na siku ya mafuriko unasoma rula kutoka juu ya daraja bila kuingia majini. Chora mchoro upya kila baada ya masika, kwa maana mto huhamisha mawe yake.

Vipimo vya papo hapo

Joto, pH (kipimo cha uchachu wa maji), upitishaji umeme (unaopanda kadiri chumvi zilizoyeyuka zinavyoongezeka) na oksijeni hupimwa mtoni, si nyumbani. Zikifika nyumbani zimeshabadilika.

Kipimajoto cha kawaida kinatosha kwa joto. Maji hupata joto kadiri yanavyoshuka, hilo ni la asili, lakini kupanda kwa ghafla kati ya sehemu mbili zilizokaribiana mara nyingi kunamaanisha miti ya kingoni imekatwa.

Kwa pH na upitishaji umeme, mita za mkononi zipo za bei nafuu, na ni nzuri kama utazitunza. Mita ya pH isahihishwe asubuhi ya kila siku ya kazi kwa vimiminika vya pH 7 na pH 4 au 10. Ncha yake ihifadhiwe kwenye kimiminika chake cha kuhifadhia, si kwenye maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa mvuke), ambayo huiua polepole. Na kuna jambo la mlimani hasa: maji ya Uluguru hupita kwenye miamba migumu isiyotoa chumvi nyingi, hivyo upitishaji umeme wake juu msituni mara nyingi uko chini ya mikrosimensi 100 kwa sentimita. Katika maji laini kama hayo mita ya pH huchelewa kutulia. Subiri dakika tatu, hata tano, ukiikoroga taratibu, ndipo usome. Kimiminika cha kusahihishia upitishaji umeme kinachouzwa sana ni cha 1,413, ambacho kiko mbali mno na maji yako; tafuta cha 84.

Upitishaji umeme ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vingine kwa kazi ya kijiji. Ni cha haraka, hakihitaji kemikali, na hakifichiki. Tembea kando ya mto ukipima kila baada ya mita mia. Pale namba inaporuka kutoka 60 hadi 110, simama uangalie pembeni. Kuna mfereji, kuna choo, kuna mtaro wa kiwanda, au kuna chemchemi yenye chumvi. Hakikwambii ni nini, lakini kinakwambia ni wapi.

Oksijeni isomwe pamoja na joto na mwinuko, na hapa vitabu vya tambarare hupotosha. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari hubeba oksijeni miligramu 9.1 kwa lita yakiwa yameshiba. Maji ya joto hilohilo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hushiba kwa miligramu 7.6 hivi, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Ukipata 7.5 huko juu, maji yako ni mazima kabisa. Andika miligramu na asilimia ya kushiba, na uiambie mita mwinuko uliopo kabla ya kupima.

Kwa tope, tengeneza mrija. Chukua bomba la plastiki linaloonyesha, urefu wa mita moja, lizibe chini kwa kifuniko kilichochorwa robo nyeusi na robo nyeupe. Jaza maji ya mto, simama kivulini, tazama kutoka juu, kisha punguza maji taratibu mpaka uone mchoro. Soma sentimita. Ni kipimo cha heshima, na kina sifa ambayo mita ya NTU, ile ya umeme ya kupimia tope, haina: mtoto wa darasa la tano na bibi yake wanaona kitu kilekile kwa macho yao. Ukiwa na chuo au maabara karibu, peleka lita moja wachuje, wakaushe kwa nyuzi 105 na kupima uzito wa udongo. Baada ya sampuli ishirini au thelathini utajua sentimita za mrija wako ni miligramu ngapi kwenye mto wako.

Sampuli za kwenda maabara

Kinyesi hakionekani kwa macho. Maji maangavu ya kiangazi yanaweza kuwa na bakteria wa E. coli kwa wingi, na maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja katika mililita 100. Tumia chupa iliyotakaswa. Simama ukitazama mto unakotoka, maji yakikujia. Fungua kifuniko bila kugusa ndani, ingiza chupa ikiwa imeinama chini hadi kina cha kiganja, igeuze ielekee mkondo, jaza, acha nafasi kidogo juu, funga. Chukua sampuli hii kabla ya vipimo vingine vinavyotibua mchanga.

Weka kwenye deli lenye barafu, gizani, bila kugandisha. Maabara ianze kazi ndani ya saa 6; saa 24 ndio mwisho kabisa. Piga hesabu ya bodaboda kutoka mlimani kabla ya kupanda, kisha anza na sehemu ya juu kabisa ukishuka nayo. Waombe maabara wapunguze makali ya sampuli za chini ya mji kwa kuzichanganya na maji safi ya maabara, la sivyo chujio litajaa madoa yasiyohesabika na utaandikiwa "nyingi mno", jibu ambalo halichorwi kwenye mchoro.

Kwa nitreti na fosfeti kuna vijiti vya rangi na kuna vipima rangi vya mkononi. Vijiti vitakuonyesha uchafuzi mkubwa tu. Ila soma karatasi ya kifaa kwa makini: vingine hutoa nitreti nzima, vingine hutoa naitrojeni iliyomo ndani ya nitreti. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, miligramu 50 za nitreti, ni sawa na 11.3 za naitrojeni. Ukichanganya viwili hivi, unaweza kuwatisha watu bure, au kuwatuliza wakati hawapaswi kutulia. Walioko miteremko ya Mlima Meru waongeze floraidi. Miamba ya volkano ya huko huitoa kwa wingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5.

Dawa za mashambani na zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu hazipimwi kwa kifaa cha mkononi. Hizo zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara nyingine yenye uwezo, na ni ghali. Kabla ya kulipa, waulize wadudu.

Mashahidi wanaoishi majini

Kemikali hukwambia maji yalivyo dakika ile. Dawa iliyopita juzi usiku imeshafika Ruvu. Lakini wadudu wa chini ya mawe waliishi humo usiku ule, na kama wamekufa hawapo leo. Kwa kijiji kisicho na fedha, hiki ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote.

Afrika Kusini walitengeneza njia rahisi inayoitwa miniSASS, kwa ajili ya watu wa kawaida. Tanzania nayo ina TARISS, iliyoundwa kwa mito yetu, ila hiyo inahitaji mtu aliyefundishwa kutambua familia za wadudu. Anzeni na ya kwanza.

Shona chandarua kigumu chenye matundu ya milimita moja kwenye fremu ya waya. Kishike chini ya mkondo, na mwenzako ageuze mawe na kupiga mchanga kwa miguu mbele yake, kwa dakika tano, akipita penye mawe, penye mchanga na penye majani ya kingoni. Mwaga ulichopata kwenye beseni jeupe lenye maji, tulia, tazama. Kwanza utaona takataka tu. Baada ya dakika moja takataka zitaanza kutembea.

Katika miniSASS kila kundi la wadudu lina alama zake. Mwenye alama nyingi zaidi, 17, ni mdudu wa bapa mwenye mikia miwili na matamvua chini ya miguu, anayeng'ang'ania mawe ya maji ya kasi. Huyo hana uvumilivu wowote wa uchafu. Wale wenye mikia, kwa kawaida mitatu, na mapezi ya kupumulia ubavuni, hupata 11, isipokuwa wale wadogo wanaoogelea kama visamaki, ambao hupata 5. Mabuu wajengao vijumba vya mchanga na vijiti ni 9. Kaa ni 6, na watoto wa kerengende ni 6. Binamu zao wembamba ni 4. Kunguni wa maji na mbawakawa ni 5, konokono 4, minyoo bapa 3. Miruba, minyoo ya kawaida na mabuu ya nzi na mbu ni 2. Hesabu makundi, si idadi ya wadudu. Jumlisha alama, gawa kwa idadi ya makundi.

Tuseme juu msituni umepata wa mikia miwili, wa mikia mitatu, wajenga vijumba, kaa, kerengende na mbawakawa: 54 gawa kwa 6 ni 9.0. Kwa mto wa mawe, juu ya 7.9 ni hali ya asili. Chini ya mji umepata minyoo, miruba, mabuu ya nzi, konokono na wale wadogo waogeleao: 15 gawa kwa 5 ni 3.0. Chini ya 5.1 ni hali mbaya sana. Kwa mto wa mchanga mipaka hiyo ni 6.9 na 4.3, usichanganye. Usifanye kipimo hiki mara tu baada ya mafuriko, kwa kuwa wadudu wamesombwa, utawasingizia wakulima. Subiri wiki tatu au nne. Ukimaliza, warudishe majini.

Wakulima wa mboga huelewa kipimo hiki upesi. Mtu aliyekulia kando ya mto anakumbuka utoto wake na kaa chini ya kila jiwe. Ukimwonyesha beseni lisilo na kaa hata mmoja, huna haja ya kumweleza miligramu.

Daftari

Andika kwa penseli, kwenye daftari gumu, papo hapo: tarehe, saa, sehemu, majina ya wapimaji, hali ya hewa ya leo na ya siku mbili zilizopita, kina kwenye rula, kisha vipimo vyote. Andika na ulichokiona: wafuaji, ng'ombe, moshi wa shamba, harufu, povu, gari linalooshwa. Mara nyingi mstari huo wa mwisho ndio unaoeleza namba ya ajabu.

Namba ya ajabu usiifute. Weka alama ya nyota, rudia kipimo, andika zote mbili. Katika kila sampuli kumi, moja ichukuliwe mara mbili bila kuwaambia maabara, na chupa moja ya maji yaliyotoneshwa ipelekwe mlimani na kurudishwa. Kama maji hayo yaliyotoneshwa yamekutwa na bakteria, tatizo ni chupa zenu au mikono yenu.

Jioni ileile ingiza kwenye jedwali la kompyuta au simu, piga picha ukurasa wa daftari. Linganisha kila sehemu na yenyewe ya msimu uleule, na linganisha juu na chini kwa siku moja. Usilinganishe Aprili na Agosti. Kwa bakteria tumia namba ya katikati badala ya wastani, kwa sababu siku moja ya mvua inaweza kuuvuta wastani wa mwaka mzima.

Kupeleka majibu

Baada ya miezi mitatu rudini kwenye mkutano wa kijiji, hata kama hamna jibu kamili. Pelekeni chupa tatu zilizojazwa asubuhi hiyo kutoka sehemu tatu, beseni la wadudu, na mchoro mmoja tu. Msitaje jina la mwenye shamba. Elezeni sehemu, waacheni watu wenyewe waseme. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini mlimani, ambako shamba zima la familia linaweza kuwa ndani ya mita hizo, kuanza mazungumzo na kifungu hicho ni kuyamaliza. Anzeni na yanayowezekana msimu huu: ukanda wa matete au migomba kingoni, kuhamisha mahali pa kuoshea mabomba ya dawa, choo kimoja kinachovuja.

Uchafuzi wa kiwanda au wa mtaro wa mji ni suala jingine. Huo upelekeni kwa maandishi kwa Bodi ya Bonde, mkiambatanisha nakala za daftari, tarehe, picha, na rekodi za kusahihisha mita zenu. Mtaulizwa kwanza kama mita ilikuwa sahihi. Muwe na ukurasa wa kuonyesha.

Mtu mmoja asipime zaidi ya mwaka bila mrithi. Mrithi atembee naye raundi mbili, kila mmoja apime kwa mkono wake bila kuangalia namba ya mwenzake, kisha wafungue madaftari pamoja chini ya mti. Zikipishana, warudi majini siku hiyohiyo.